Bukari Bila Mayi

Juzi mmoja wenu, yule mrefu anayepanga chumba nyuma ya nyumba yangu hapa Makomeno, alibisha hodi akiwa na sufuria mkononi. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, nusu uji, nusu jiwe. Akaniuliza kama bukari, ugali wetu wa hapa, inaweza kufufuliwa. Nikamwambia, mwanangu, Lazaro alifufuliwa, lakini bukari iliyokufa tunawapa kuku. Alicheka, akakaa, nikampa kilichokuwepo tukala pamoja. Alipoondoka nilibaki kwenye kiti changu nikiota macho wazi mpaka jua likahama upande wa pili wa ua.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaosoma mbali na mama zenu, mnaoishi kwa mkate na chai mkisema hamna muda wa kupika. Mimi nilikuwa mpishi maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa katika jiko la shule ya bweni kule Kambove, nikilisha watoto wa wachimbaji. Lakini upishi sikuuanzia Kambove. Niliuanzia katika ua huu huu, nikiwa mwanafunzi wa shule ya walimu, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville na Katanga ikijiita nchi.

Watu wakiwasimulia miaka ile, husimulia bunduki. Zilikuwepo, sikatai. Ila mimi nikifumba macho naona moshi wa makaa ukipanda polepole kutoka kila mbabula ya mtaa, yale majiko yetu ya bati yaliyotobolewa matundu, na maua ya jacaranda yakidondoka mpaka ndani ya maji yanayochemka. Nilikuwa nayatoa kwa kijiko. Siku nyingine nilichoka, nikayaacha, na sikuona mtu aliyekufa kwa ua la jacaranda.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni, machinisti kama tulivyosema, na mtaa mzima ulikuwa wa watu wa reli. Mama alikuwa amekwenda kwao upande wa Kabongo kumuuguza nyanya. Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka, kwa treni yake mwenyewe. Alimshusha pale gare, kituo cha treni cha kwao, akampa kikapu chake cha sabuni na chumvi, akapiga filimbi, akarudi. Muda si mrefu vita vya kaskazini vikakata daraja, na njia ya Kabongo ikafa. Hakuna aliyekuja na habari. Baba akabaki kuendesha mabehewa ya njia zilizokuwa bado wazi, na akirudi alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akitazama upande wa reli.

Na hakula. Asubuhi alikunywa chai na kutafuna kipande cha mkate kabla ya kazi, basi. Bukari nilimwekea mezani, nikaweka na kopo la maji ya kunywa, nikaenda zangu kusoma. Nikirudi naikuta pale pale, imefunikwa, imeota ngozi juu. Suruali yake ya kazi akaanza kuifunga kwa kamba. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, na mmoja wetu alikuwa anaisha mbele ya macho ya mwenzake. Niliogopa sana. Nilijiuliza mama akirudi atamkuta nani.

Nilidhani kosa ni la upishi wangu. Na kusema kweli, upishi wangu ulistahili kulaumiwa. Shuleni walitufundisha kupima eneo la pembetatu, unga hatukupima. Nilikuwa natia unga wote kwa mpigo katika maji ya vuguvugu, kisha nakoroga kwa huruma, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kapinga, mama wa Kasai, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa reli. Mume wake alikuwa karani. Siku moja alichungulia juu ya ua wa matete, akaona ninachofanya, akashindwa kuvumilia.

"Weye, Bwana Masomo! Ile unapika iko bukari ao iko koli ya kubandika bikaratasi?"

"Iko bukari, mama."

"Nani alikudanganya?"

Akazunguka, akaingia, akaninyang'anya mwiko. Akauangalia, akautupa pembeni, akaenda kuleta wa kwake, mrefu, mweusi kwa miaka. Hivyo ndivyo nilivyoanza shule yangu ya pili.

"Sikia," alisema. "Bukari banaipika mara mbili. Mara ya kwanza na moto, mara ya pili na mwiko. Pika! Pika ile kitu, usiionee huruma!"

Kwa wale waliotoka mbali wasiojua mchezo huu: katika vinywa vya watu wa mji wetu, kupiga na kupika hutamkwa sawa, kama vile maji huwa mayi na ndiye huwa njo. Mwalimu anapika mtoto, mama anapika bukari, padri anapika magoti. Mama Kapinga aliutumia mchezo huo kunifundisha kazi, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyeieleza bukari kwa maneno machache zaidi. Maji yachemke kweli kweli. Tia konzi ya unga kwanza, uache utokote uwe uji mwepesi, maana unga usiopitia uji hubaki mbichi tumboni. Kisha ndipo utie wa mahindi kidogo kidogo, na kwa Mama Kapinga ulifuata wa muhogo, kwani watu wa Kasai bila muhogo huona wamedanganywa. Ukiona donge, lisukume kwenye ubavu wa sufuria ulisage hapo hapo. Shika sufuria kwa miguu. Usipotoka jasho, bado.

Alipomaliza, akaifinyanga bukari katika bakuli mpaka ikawa duara, inang'aa. Akanyanyua kidole.

"Na usisahau mayi. Bukari bila mayi, mwanaume hawezi kula."

"Siwezi kusahau, mama," nikajibu, nikaenda kujaza kopo.

Baba aliitazama ile bukari nzuri ya siku ile. Alisema asante. Hakula.

Nikaona labda mboga ndiyo inayomkataza, nikajitupa kwenye sombe, kisamvu cha majani ya muhogo. Ninyi mnaonunua sombe iliyokwisha kutwangwa hamjui mnachokosa: mikono ya kijani, kinu kinachorukaruka, harufu ya majani mabichi inayoingia mpaka kwenye madaftari. Siri ya sombe ni subira. Iache ichemke kwa muda mrefu bila kifuniko ili uchungu utoke na mvuke. Mafuta ya mawese baadaye, chumvi mwisho. Mimi sikuwa na subira. Niliwahi kusikia kwamba akina mama hutia unga mweupe fulani ili majani yalainike upesi, nikaupata unga mweupe katika mkebe wa mama juu ya kabati, nikatia vijiko vya kutosha. Kumbe ulikuwa wanga aliokuwa akitilia kola za mashati ya baba kabla ya kupiga pasi. Sombe ikasimama yenyewe. Niligeuza sufuria chini juu na haikuanguka.

Mama Kapinga alikuja kuiona, akaita na wenzake.

"Muone sombe ya Bwana Masomo! Imevaa kola. Iko tayari kuenda ku misa."

Nilicheka nao huku machozi yakinilengalenga, maana wao walirudi kwao kwenye watu wanaokula, na mimi nilirudi mezani kwetu.

Kupika fretini nilijifunza haraka zaidi. Samaki wale wadogo wakavu walikuja kwa barabara ya Kasenga, wakipitia Kasomeno, na gunia likifunguliwa sokoni mtaa mzima ulijua. Mama Kapinga alinifundisha kuwaosha kwa maji ya moto mara moja tu, kuwakaanga kwanza bila mafuta mpaka waanze kulia kwenye kikaango, ndipo kitunguu, ndipo nyanya. Kazini Kambove nilifanya hivyo miaka na miaka, na watoto walilamba sahani. Kila walipolamba nilimwona baba yangu na sahani yake iliyofunikwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo huwa nalizunguka. Mji wetu ulianza kuwachambua watu kama mchele. Watu wa Kasai, waliokuja zamani kwa reli na kwa kazi za ofisi, waliozaa na kuzika hapa, wakaambiwa ni wageni. Wengine walipigwa, wengine walichomewa nyumba. Wengi wakakimbilia kambi ya mahema nje kidogo ya mji, iliyolindwa na askari wa kofia za buluu. Mume wa Mama Kapinga alifukuzwa kazi, na asubuhi moja nikaona wanafunga magodoro. Niliona haya kusimama pale nikiwa na mikono mitupu. Yeye ndiye aliyenipa kitu: ule mwiko mweusi, juu ya ua wa matete.

"Shika. Kule batatupatia bakuli, hatutapika sana. Weye njo utapika."

Mtaa ukawa kimya kwa namna ambayo sijaisahau. Watu walipita mbele ya nyumba yao wakitazama upande mwingine, na mtu aliyekuwa akisalimiana na watu wa kambini aliulizwa maswali. Baba alikaa mlangoni pake. Nami nilipika. Nilipika kwa hasira, nadhani, na hasira inafaa bukari. Mikono yangu ikajua. Madonge yakaisha, uji ukaiva kwa wakati wake, duara likang'aa. Nilionja na nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba hii sasa ni bukari. Baba akasema asante. Akaifunika tena kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kama anayefunika mtoto aliyelala.

Basi siku iliyofuata nilifunga sufuria katika kitambaa, nikaipakia kwenye baiskeli, nikaenda kambini kumtafuta mwalimu wangu. Nilisukuma baiskeli katikati ya mahema, kamba zikinitega miguu, moshi wa kuni mbichi ukinichoma macho, na harufu ya bukari ya kila nyumba ya Kasai ikielea pale kana kwamba mtaa mzima umehamia hewani. Nilimkuta amekaa juu ya beseni lililogeuzwa. Amekonda. Aliponiona alipiga kelele ya furaha mpaka askari wa langoni akageuka.

Nikafungua kitambaa. "Onja, mama. Uniambie inakosa nini."

Alimega, akafinya, akatafuna huku amefumba macho. Akamega tena.

"Iko muzuri," akasema. "Iko bukari. Ata mama yangu angekula."

"Sasa baba anakataa juu ya nini?"

"Anakataa? Ye njo anasema anakataa?"

"Hasemi kitu. Anasema asante."

Akanitazama. "Unamupatia mayi?"

"Ndiyo, mama. Kila siku. Naweka kopo pembeni ya sahani."

"Kopo? Kopo ya nini?"

"Ya maji ya kunywa."

Aliweka mkono kinywani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye beseni, na wanawake wa mahema ya jirani wakaja, akawaeleza kwa Kiluba cha Kasai, nao wakashika mbavu. Katika kambi ile ya huzuni nilikuwa sikukuu yao. Alipopata pumzi akanivuta karibu, na sauti yake ikawa ya chini.

"Mutoto yangu. Si mayi ya kunywa. Mayi ya mikono. Mama yako alikuwa anamuwekea baba chakula na anaenda?"

Nikaona. Nilikuwa nimeiona kila siku ya maisha yangu, na ndiyo sababu sikuwahi kuitazama. Mama aliingia na beseni na jagi, akapiga magoti, akammiminia baba maji mikononi, taratibu, kwanza mkono wa kulia. Hapo ndipo walipoongea. Hapo ndipo alipomwambia: kula. Kwetu sisi chakula kisichofuata maji ni chakula kilichosahaulika mezani, na mtu mwenye heshima hagusi chakula kilichosahaulika. Lakini sisi kule shuleni tulinawa kwenye bomba uani, kila mtu kivyake, mbio mbio. Na kumpigia mtu magoti na jagi ilikuwa kazi ya wanawake.

"Lakini mimi mwanaume, mama," nikasema.

"Ni nani alipika?"

"Mimi."

"Basi njo weye unaleta mayi. Mwenye kupika njo analeta."

Jioni ile jua lilikuwa bado juu ya mabehewa. Niliweka bukari, nikaweka fretini, nikaleta beseni na jagi. Nilipopiga magoti mbele ya kiti cha baba, goti langu lilipasua ukimya wa nyumba. Alinyoosha mikono. Sikuwa nimewahi kuitazama mikono ya baba yangu kwa karibu: mistari myeusi ya mafuta ambayo hakuna sabuni iliyoiweza, kovu la mvuke juu ya kidole gumba. Nikamimina.

"Mama yako," akasema akiangalia maji, "akikuwa anamwanga mayi, alikuwa anauliza: leo ulifika wapi?"

Nikamimina tena kidogo.

"Baba, leo ulifika wapi?"

"Nilifika Likasi," akasema. "Muvua ilinyesha ku njia." Akamega bukari. Akala. Akaniambia habari za mvua, za mbuzi waliolala kwenye reli, za mwenzake aliyesahau kofia, na alipomaliza sahani ile akaniuliza kama kuna nyingine. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya sufuria kabla ya kupakua. Sioni aibu kuwaambia.

Kila mpishi mdogo aliyekuja chini yangu Kambove alifundishwa maji kabla ya moto. Wapya walifikiri nawatania. Niliwaweka mlangoni na jagi, wakawamiminia watoto wote wa bweni, mmoja mmoja, huku wakiwauliza wamesoma nini. Mkuu wa shule mmoja aliona ni kupoteza muda, akaleta mabomba. Mabomba yakaharibika, jagi likarudi.

Mama alirudi, msiwe na wasiwasi. Katanga ilipokuwa imeacha kujiita nchi na daraja likasimama tena, baba alimleta kwa treni yake kama alivyompeleka. Siku ile nilitaka sana kumwonyesha, mikono ikanisaliti. Nikamnawisha, akamega, akatafuna, akanitazama kwa upendo mkubwa.

"Iko na majiwe," akasema.

"Kula tu," baba akamjibu. "Shiye tulizoea."

Lakini hiyo si siku ninayoiota nikiwa kwenye kiti changu. Ninayoiota ni ya kabla ya hapo, siku watu wa kambini walipopakiwa kwenye treni kurudishwa Kasai, wengine wakienda katika nchi ambayo hawajawahi kuiona. Baba alipangwa kuendesha. Asubuhi aliniamsha akaniambia nipike, nipike ya muhogo ndani, kisha nimfuate gare.

Nilifika na sufuria yangu kitambaani. Mabehewa yalijaa watu, magodoro, cherehani, kuku. Watu wa mji walisimama mbali, hakuna aliyesogea. Nilimwona Mama Kapinga kwenye mlango wa behewa, miguu inaning'inia, anatazama mji kama mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima moto. Nikamwinulia bukari. Aliipokea, akaiweka mapajani, hakuimega. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Baba alikuwa ameshuka kwenye injini. Alikuja kwenye kokoto na nguo zake za kazi, beseni la kwetu katika mkono mmoja, jagi katika mwingine, mbele ya wenzake wote, mbele ya askari, mbele ya mtaa mzima uliokuwa ukitazama pembeni. Alipiga magoti kwenye kokoto. Mama Kapinga alinyoosha mikono, naye akammiminia, taratibu, kwanza wa kulia.

"Mama," akasema, "asante juu ya mutoto. Kula."

Naye akala. Alikula polepole, akiwamegea watoto wa behewa lake, akisifu, akikosoa chumvi, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Shefu wa gare, mkuu wa kituo, akaja na saa yake mkononi, amekasirika, akauliza treni inangojea nini wakati bendera imekwisha kuinuliwa.

Baba alikuwa bado ameshika jagi. Akamjibu bila kugeuka:

"Mama iko anakula."